Mlio wa Kati

Chini kabisa, mlio kama mtu anayeguna usingizini:
huo ni msumari.
Niliwahi kuufuata mwezi mzima,
nikajaza ndoo misumari iliyooza
kabla mama yangu hajazaliwa.
Siku hizi nauacha ugune.

Juu kabisa, mwembamba, wa haraka,
kengele ya baiskeli ya muuza mikate:
huo chimba, usiulize.
Shilingi ya zamani. Senti ya tundu
iliyofungwa pembe ya leso
na fundo likalegea maji yalipofika magotini.

Taabu ni wa kati.
Wa kati una sauti moja na majina mawili:
pete ya dhahabu,
na kile kipete cha kufungulia mkebe wa soda.
Mashine haijui.
Nimeipitisha kibla, nimeipitisha matlai,
nimeuzunguka ule mlio kama paka na jiko la jirani;
hunijibu neno lile lile, kwa adabu ile ile.

Saa kumi na moja alfajiri, Shelly, bamvua,
maji yamejitoa hadi mwani umelala chali.
Nina saa mbili kabla ya zamu
na mgongo mmoja.
Kwa hivyo nachagua.
Huku juu, walikokaa watu wa Iddi Pili na mikeka yao,
wa kati naupita kama salamu ya mdai.
Kule chini, mawimbi yanapovunjikia,
vidole husinyaa kwa baridi na pete husahau kushika:
kule napiga magoti.

Mwaka jana niliandika daftarini:
vipete vya mikebe, mia mbili na kumi na moja.
Pete, mbili.
Moja ya bati.

Saa mbili nimevaa sare, niko kivukoni
na kifimbo cha serikali mkononi.
Huku ndiko kuna milio!
Funguo zalia, mkanda walia,
simu, pakiti ya sigara, kijiko cha mama wa chai.
Kila mtu hulia.
Nikimsimamisha kila aliaye
feri itavuka tupu, na Marikiti hakutafunguliwa hata kibanda.
Basi nachagua tena,
natazama mato zaidi ya kusikiliza,
na jioni sijui niliowaacha wapite walibeba nini.

Mwanatumu wa Mtongwe hulia nyongani.
Siku ya kwanza nilimwambia,
Mama, toa kilicho mfukoni.
Akasema, mfuko sina, mwanangu.
Hicho ni chuma cha Makadara, kimeshika mfupa.
Kichimbe ukiweza.
Foleni nzima ikacheka.
Tangu hapo kifimbo kikilia kwake
twaamkuana: hujambo, sijambo, mvua je?
Ndio mlio pekee ninaoujua mpaka ndani,
na ndio ambao sina ruhusa ya kuufungua.

Kibwana, mtoto wa dada yangu,
huja nami siku asizo na shule.
Huuliza, Ami, wajuaje?
Humwambia, sijui. Nina mgongo mmoja.
Huona namficha elimu.

Jana ulilia, wa kati,
kina cha kiganja tu, karibu na jiwe lenye chaza.
Maji yalikuwa yamefika vifundoni
na shimo la majini hujifukia haraka kuliko unavyochimba.
Kibwana alikwisha chomeka koleo.
Nikatazama saa.
Nikasema, mkebe huo, twende.
Nilivyosema ungedhani nimeuona.

Hakubisha.
Alikung'uta mchanga, akatangulia.
Mimi ndiye niliyegeuka, mara mbili,
kutazama mahali ambapo sasa palikuwa maji tu.
Na kivukoni, nyonga ya Mwanatumu ilipolia,
nilimwambia, Mama, toa kilicho mfukoni.