Kilomita Mbili, Ganjoni

"Kanyaga kingo kwanza, mkanda uache uamke,"
Mwanakombo akaniambia,
akanibana kijiuzi chekundu kwenye dera.
"Ukiteleza, hiki ndicho kitakachozima. Na kesho
uje na suruali, mama; dera hili litatuua sote."

Nikaenda mwendo wa bibi harusi,
vyuma nimevishika kwa mikono miwili.
"Achia. Ukishika hivyo, atembeaye ni mashine."
Nikaachia. Nikatazama miguu. "Macho mbele!"
Mbele ni dirisha, ukuta wa ghala,
paka wa kijivu juu ya gunia.

Dakika ya kumi na mbili ujana ukanipanda.
Nikabonyeza juu, nikabonyeza tena,
moyo ukagonga kama mdai.
"Sukari imekaa mwilini miaka tisa,
wataka itoke leo kabla ya adhuhuri?"

Nikashusha,
kidogo,
kidogo tena,
hadi pumzi ikanirudia, ikanijua.

Niliposhuka, sakafu iliendelea kunichukua
hatua tatu, nne, hadi kwenye ndara zangu.
Kilomita mbili, kioo kimeandika.
Paka amegeuza ubavu tu.