Alhamisi Tatu za Lavinia Tolliver

Alhamisi tatu, bango linasema, saa tatu usiku,
Februari yote ukiondoa ya mwisho,
maana ya mwisho ukumbi umekodiwa
na chama cha mafundi bomba.

Wamelibandika kwenye dirisha la dobi,
juu ya ngazi zinazoshuka klabuni.
Picha ni ya miaka kumi na tisa iliyopita:
hereni za duara, shingo ndefu, kidevu juu
kama anayemwuliza mpiga picha, "Umemaliza?"
Shingo hiyo leo ina mshono.
Sikuambiwa. Niliuona alipovua skafu.

Mimi ndiye ninayekaza nyuzi za piano.
Siku mbili kabla ya kila onyesho nashuka na mkoba,
theluji ya Buffalo ikinifuata hadi ngazi ya nne.
Piano hii naijua kama mtu anavyojua goti lake bovu.
Upepo wa ziwani ukigeuka, inaumwa.
Kibonye kimoja cheusi, karibu na kufuli, hunata
tangu mtu alipokimwagia bia, mwaka ule wa mgomo.
Kamba hukatikia pembamba, ni kweli,
lakini uzi mnene una kifo chake:
haukatiki. Unanyamaza kidogo kidogo
mpaka siku moja unagonga na kusikia mbao tu.

Mchana Lavinia anaendesha basi la shule.
Watoto hawajui habari za Alhamisi.
Wanajua tu kwamba akisema "Kaa!"
hata waliokaa hukaa tena.

Jana alikuja saa kumi na moja, na kizibao chake cha njano,
akamwambia Whitlock wa besi, "Shusha.
Nyimbo zote. Toni moja na nusu."
Whitlock akaitazama mikono yake.
Miaka thelathini imelala nyumba ile ile,
leo inaambiwa ihame kabla ya Alhamisi.
Ozell akaendelea kufuta ngoma isiyo na vumbi.

Kisha akanigeukia mimi:
"Na wewe, huwezi kuishusha piano yenyewe,
tukawadanganya watu?"
Nikasema naweza, ila ikifika Machi
nyuzi zitakuwa zinalia zenyewe usiku.
Akacheka.
Na hapo ndipo nilipoisikia, ndani ya kicheko:
haikuwa imepotea. Ilikuwa imehama orofa,
imeshuka chini kabisa, kwenye tanuri na mabomba,
mahali pa joto, pasipo dirisha.

Akaweka kiganja juu ya mbao, akaimba mstari mmoja.
Nasema aliimba; labda alikuwa anapima sakafu
kwa ncha ya kiatu, kama itambeba.
Mguu wangu ulikuwa juu ya pedali, nyuzi zote wazi,
nami nimesahau kuuondoa.
Alipokoma, piano haikukoma.
Ilishika lile neno la mwisho, pasipo mkono wa mtu,
ikalivuta, ikalivuta,
na Ozell akaacha kufuta.

Hakuna aliyesema kitu. Juu yetu
mashine ya dobi ilikuwa inakamua mashuka ya hospitali.

Kiingilio dola kumi na mbili. Kuna supu.
Mimi sijawahi kubaki: fundi akikaa ukumbini
hasikii wimbo, anasikia uzi unavyolegea.
Lakini nimekata tiketi ya Alhamisi ya kwanza,
kiti cha nyuma, karibu na makoti.

Nilipokuwa nafunga mkoba nikamwambia,
"Nipe nusu saa, nikitoe kibonye kile, nikisafishe."
Alikuwa anafunga skafu. Akatikisa kichwa.
"Kiache kinate," akasema.
"Hapo ndipo ninapovuta pumzi."