Mama Saba

Wiki ya tatu Bukavu nilipanda soko la Kadutu
na noti moja ya mia tano, imekunjwa mara nne.
Nikamwambia muuza vitunguu, kwa adabu ya nyumbani:
Ndasaba igitunguru.
Naomba kitunguu. Kimoja tu.
Yeye akasikia hesabu.
Akanihesabia saba, akipuliza maganda,
akafunga mfuko, akanyoosha mkono:
"Elfu na mia nne, mama."
Ndasaba, nikasema tena.
Akaongeza saba.

Mimi niliyefundisha hesabu darasa la tatu, Cibitoke,
watoto arobaini na wanane wakiitikia kwa pamoja
(kwetu saba ni indwi),
nilisimama na vitunguu kumi na vinne
bila neno hata moja la kuvirudisha.

Kaneza akanivuta kitenge.
"Mama, huku wanasema naomba."
Ana miaka tisa. Aliona haya, kidogo tu,
nami nikaiona.
Nabintu alicheka hadi akakaa juu ya gunia,
akachukua noti, akaniachia viwili na kimoja cha matabishi.
Tangu siku hiyo soko zima linaniita Mama Saba.

Mengine hayachekeshi.
Mwenye nyumba anataka garanti ya miezi sita
kwa chumba cha mbao kilichoshikilia mteremko kwa misumari;
mvua ikinyesha usiku tunalala na viatu.
Karani wa wakimbizi aliruka herufi mbili za jina langu.
Sasa kwenye orodha ya unga mimi ni mtu mwingine,
na huyo mtu mwingine
hajafika kuchukua unga wake.

Jumapili tunashuka pale ziwa linapoutoa mto Ruzizi.
Maji haya yatapita kwetu,
chini ya shamba alikobaki baba yake.
Nikamwonyesha Kaneza chupa za plastiki:
tazama, zinarudi nyumbani, hakuna anayeziuliza karatasi.
Akajibu kwa Kiswahili
(siku hizi hata hasira yake ni ya Kiswahili):
"Hapana. Zinakwama kwenye baraji. Walitufundisha shuleni."

Jana, mbele ya meza ya Nabintu, mwanamke mgeni,
mtoto mgongoni, sauti ya chini: Ndasaba...
Nabintu alishafika nne.
Nikamshika mkono. "Kimoja. Anaomba kimoja."
Kisha nikamuuliza yule mama, kwa lugha yetu,
anatoka kilima gani.
Hakuniangalia.
Alikuwa akihesabu chenji.