Moja Nukta Mbili

Saa moja kasorobo asubuhi, Februari, Tbilisi.
Nimesimama juu ya daraja la waenda kwa miguu
na kihesabio mkono wa kulia, kingine wa kushoto,
na soksi mbili mbili ambazo hazisaidii kitu.
Chini yangu, barabara ya hospitali: njia tatu za kwenda mjini,
zote tatu zimejaa, hakuna inayosogea.

Kulia nabonyeza magari. Kushoto mabasi.
Bwana Kobalia wa idara anataka jibu kufikia Ijumaa:
tuyakatie mabasi njia yao, au tusiyakatie?
"Usiniletee huruma, Mzia," aliniambia. "Niletee tarakimu."

Basi tarakimu ni hizi.
Kwa saa moja, magari mia sita na kumi,
mabasi kumi na manne.
Kwa jicho tu, mabasi ni choroko chache kwenye gunia la mchele.
Lakini namba thelathini na tisa limepita hapa chini,
vioo vimefuka kwa pumzi,
mtu kafuta duara dogo kwa kiganja, kachungulia,
na nyuma ya duara lile wamesimama watu sitini.
Kumi na nne mara sitini.
Piga mwenyewe; mimi vidole vimeganda.

Na gari? Gari, kwa mujibu wa kitabu chetu,
hubeba mtu moja nukta mbili.
Ile moja naijua: kashika usukani, kanuna,
anapiga honi isiyofika popote.
Hiyo nukta mbili ndiyo hunikosesha raha.
Ni nani huyo, sehemu ya tano ya mtu,
anayeketi kiti cha pembeni?
Kwangu mimi ni koti la Tamazi.
Mwaka wa tatu huu, sijalitoa.

Maana nami nilikuja kwa gari. Sitaficha.

Ukichukua njia moja kati ya tatu
unawabana watu mia mbili na arobaini na ushei,
unawafungulia mia nane na arobaini.
Hapo hata mtoto wa darasa la pili angeamua.
Lakini saa nne nilikuwa bado nipo,
theluji imegeuka tope,
mabasi matano tu, karibu matupu,
ndani ya moja bibi na mche wa ndimu kwenye ndoo.
Njia yao ingekuwa nyeupe kabisa,
na kando yake Gocha na gari lake la mikate, amekwama,
mikate inapoa,
anaikodolea lami ile.
Lami tupu nayo huchokoza watu.

Tena pale kwenye taa, jirani na duka la dawa,
njia tatu huwa mbili.
Ukiifikisha rangi hadi pale, foleni itarudi nyuma,
itaziba mdomo wa barabara ya kilimani
kunakoshuka mabasi mengine.
Utakuwa umeokoa basi kwa kuzamisha basi.

Nikaandika: rangi nyekundu, saa moja hadi saa nne,
iishie mita themanini kabla ya taa.
Bwana Kobalia kasoma, kavua miwani. "Na wakilalamika?"
Watalalamika, nikamwambia. Wenye magari wana honi.
Wa ndani ya basi wana kile kiduara cha kiganja.

Jioni nikaliwasha gari. Koti lipo.
Sijui kama kesho nitapanda thelathini na tisa.
Labda. Kituoni kuna baridi.
Ila nilipopita chini ya daraja niliinua macho,
kana kwamba juu pale kuna mtu
wa kunibonyeza: moja.
Na nukta mbili.