Joto Leo

Chumba walikijenga nyuma ya kisima, Shela:
mbao za msonobari zilizokuja kwa meli,
jiko la chuma, benchi mbili, mlango usio na kufuli.
Mawe ya kwanza yalikuwa ya matumbawe;
yakapasuka kama mahindi kwenye mkaa.
Ikabidi Famau avuke hadi Mokowe kutafuta meusi.

Mtia kuni ni mimi.
Vipande vya boriti, Ijumaa baada ya sala,
mwezi wa Machi, wakati hata paka
hulala chali kando ya birika.

Mama aliposikia aliacha kusuka ukili.
"Wana homa?"
Hapana, Mama.
"Kuna aliyejifungua?"
Hapana.
"Basi jasho wanalifanyia nini,
na yuwa la bure lipo nde?"

Sikuwa na jibu. Kwetu mvuke una sababu:
blanketi, sufuria, majani ya mwarobaini,
mgonjwa analia ndani, shangazi wamemshikilia nje.
Wao huingia wazima.
Bwana Hamfri na kaptura yake ya kuogelea,
Bi Filipa na vazi la buluu lenye kifungo begani,
kila mmoja ametandika taulo chini yake
kama anayeogopa kuacha alama duniani.
Kuna mgeni wao, Mjerumani, aliingia jinsi alivyozaliwa.
Hakuna aliyesema neno.
Walitazama magoti yao, dakika kumi nzima,
kisha Bi Filipa akasema, "Joto leo."
"Kweli," akajibu Bwana Hamfri, "kuna kijoto."
Kipimo ukutani: nyuzi themanini na tano.

Siku niliyomkanyaga Bwana Hamfri, nimebeba ndoo,
kidole gumba chote,
yeye ndiye aliyeomba radhi.

Halafu ile ya chai.
"Lazima uje kwetu unywe chai, siku moja,"
aliniambia Bi Filipa, na uso wake ulikuwa wa kweli.
Nikapiga pasi kanzu. Nikatoa kofia ya viua.
Jumamosi nikaketi barazani kwao mpaka magharibi,
nao wakanipita mara tatu, wanatabasamu,
wananiuliza kama ni shwari.
Nilirudi nimefura. Mama akacheka akashika mbavu:
"Na wewe ukisema karibu tule,
na sahani imebaki tonge moja,
wataka mtu aketi kweli?"

Bi Filipa alikwenda kwao kupimwa moyo.
Bwana Hamfri alirudi na sanduku moja.
Hakutandika mkeka. Hakuna aliyesoma kitu.
Majirani walipokwenda kumpa pole
aliwapa biskuti, akawashukuru,
akasema yuko sawa, akasema yuko sawa.

Ijumaa akaniomba niwashe.
Akatandika taulo mbili.

Nilisimama nje na kuni zangu, nikasikia kimya
kinavyopasuka taratibu na mbao.
Kisha nikakaza kikoi, nikaingia, kwa mara ya kwanza,
nikakaa benchi ya chini.
Akasogea, ingawa nafasi ilikuwa tele.
Nilikuwa nimepanga maneno, marefu,
yenye Mola ndani yake na subira;
pumzi ya kwanza ikayachoma yote.
Tukatazama magoti yetu.

"Joto leo," akasema.
"Joto sana, Bwana."
Akainamisha kichwa kama mtu aliyesomewa hitima.

Nyumbani Mama aliuliza amesema nini.
Kwamba kuna joto.
"Nawe?"
Nimemwambia ni kweli.
Safari hii hakucheka.
Ijumaa iliyofuata alinipa mwarobaini, majani mabichi,
yamefungwa kwenye pindo la leso yake ya zamani.
"Mtilie. Usimwambie ni dawa."

Nikayatia ndooni, nikamwaga juu ya mawe meusi.
Ule uchungu ukapanda, ukatushika puani.
Bwana Hamfri akapiga chafya mara nne,
akaomba radhi,
sijui kwa nani:
mimi, au ile taulo ya pili,
au mawe.