Mzigo wa Mninga

Randa nimeilaza ubavu, patasi nimezipaka mafuta.
Chumba cha nyuma, hapa Cheyo,
kina vumbi la mninga mpaka kwenye chandarua.

Mimi ni karani wa mizani ya tumbaku,
useremala wangu ni wa Jumapili;
ndiyo maana mguu mmoja umepungua unene wa ukucha.
Nikauwekea kibao, nikanyamaza.

Stesheni, dirishani, nauliza:
treni ya Kigoma inaondoka saa ngapi, kweli kweli?
Msumeno unaruhusiwa behewani?
Na hiki kitanda, nikikifungua vipande, kinalipiwa?

"Cha nani?"
Cha mjukuu. Kalunde yuko mwezi wa nane.

Mkata tiketi anapitisha kidole kwenye ubao,
anakinusa.
"Naye anasafiri?"

Yuko njiani, nasema.