Meza Inashuka?

Miezi mitatu nimelala na vipimo kitandani:
urefu wa mkanda, upana wa mkanda,
nguvu za farasi, umeme wa fezi tatu,
na bei, ambayo kila nikiigeuza inabaki bei.
Mume angekuwapo angelalamika.
Hayupo. Nalala na karatasi.

Kwetu Friuli, chini ya milima,
ni mji wa viti. Umewakalisha watu
wa nchi zisizojua hata jina lake.
Leo viwanda vimefunga milango
na popo ndio wenye zamu ya usiku.
Mimi na ndugu yangu Loris tumebaki,
viti sita kwa wiki, saba Mungu akipenda,
na kila kiti kina mikono miwili,
na kila mkono una ukingo,
na kila ukingo unadai msasa,
na msasa umenila alama za vidole:
juzi simu yangu ilikataa kunitambua.

Basi, mashine ya kusugua kingo.

Ya kwanza niliiona dukani Udine,
mpya, kijani cha tufaha bichi,
imepambwa kama bibi harusi.
Muuzaji, Galliano, mwenye viatu
visivyowahi kukanyaga vumbi la mbao,
akaiwasha.
Nikasimamisha sarafu mezani kwa ukingo wake.
Sarafu ikatembea, ikacheza, ikaanguka.
"Ni mtetemo mdogo tu, mama."
Mdogo leo. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Ya pili ilikuwa mnadani, kiwanda cha akina Bressan,
chuma cha kusubu, uzito wa ng'ombe wawili,
rangi imebabuka,
grisi imeganda kama asali ya Januari.
Nilikwenda na rula na karatasi ya sigara.
Nikaegemeza rula kwenye bamba nyuma ya mkanda:
karatasi ikapita katikati bila kubisha hodi.
Miaka thelathini watu wamesugulia pale pale,
kama mtu alaliavyo upande ule ule wa kitanda.
Bamba limeliwa. Sawa, bamba hubadilishwa.
Nikaiwasha.
Mkanda ukakimbia huku ukipanda na kushuka,
taratibu, kifua cha mtu aliyelala,
ili msasa usichakae mstari mmoja
na mbao isiungue.
Nikasimamisha sarafu.
Ikasimama.
Ikasimama hata nikashikwa na kiu.

Lakini ni kuukuu. Lakini ile ina dhamana.
Lakini lori la kuibeba hii, na winchi, na fundi wa umeme.
Mchagua nazi hupata koroma, najua,
nikaendelea kuchagua.

Usiku nikamtandazia Loris hesabu zangu zote,
Loris, ambaye tangu paa la karakana limwangushe
anatembea kwa magurudumu,
ambaye nimempa kazi ya kubandika nembo
na kujibu simu.
Akala supu yake hadi mwisho,
akafuta sahani kwa mkate,
akauliza:
"Meza inashuka?"

Sikujua.
Miezi mitatu, na sikujua.

Asubuhi nikarudi mnadani, mbio.
Ubavuni mwa mashine, ndani ya uchafu,
kulikuwa na gurudumu dogo la mkono.
Jana nilikuwa nimelitundikia koti.
Nikalizungusha: likalia, likagoma, likakubali.
Meza ikashuka, ikashuka,
hadi usawa wa tumbo la mtu aliyeketi.

Sasa ndiye anayesugua.
Mimi najibu simu, nabandika nembo,
nazibandika kombo, ananirudishia.
Bomba la kunyonya vumbi bado halitoshi:
jioni nyusi zake nyeupe, mzee wa miaka arobaini.
Sijamwomba radhi. Napika supu.

Leo kanipa mkono wa kiti, wa mjozi,
ungali na joto. "Pitisha kidole," kasema,
"uniambie ukingo unaanzia wapi."
Napitisha. Kidole kinatafuta,
kinapita, kinapita,
kinashtuka kiko upande wa pili.